Dalali anataka kasha la bibi na vikorokoro vyote kwa laki sita, nimpe?

BintiMalindi
Assalaam alaykum jamani, nna suala na naomba anijibu mtu anaejua hasa maana hapa nyumbani kila mtu kawa mtaalamu. Bibi yangu mzaa baba katangulia mbele ya haki baada ya Iddi kubwa, Mungu amrehemu, na nyumba aliyokuwa akikaa hapa Malindi, Unguja, ilikuwa ya kupanga tokea enzi hizo, sasa mwenyewe anaitaka na sisi tuna mpaka mwisho wa mwezi ujao tuwe tushatoa kila kitu. Vitu vyenyewe ni kasha kubwa lile la misumari ya shaba na droo tatu chini, sahani za ukutani tisa za maua, birika ya kahawa, saa ya ukutani (haitembei), gramafoni yenye pembe, santuri kama thelathini hivi, fimbo ya babu yenye mpini mweupe, na mkebe wa biskuti umejaa sarafu na barua na bahasha kuukuu.

Jirani kaniletea mtu ana duka la vitu vya kale huko mjini. Kakaa saa nzima. Gramafoni kaizunguka kama anaposa, saa kaifungua kaifunga, kasifu weee. Kufika kwenye kasha akakunja uso ati limeliwa na droo zinakwama, akasema laki tatu na nusu. Sahani elfu kumi kumi, gramafoni laki, birika na saa elfu sitini pamoja, jumla laki sita taslimu. Santuri akasema hazina mtu siku hizi. Fimbo hakuigusa wala hakuitaja. Halafu yuko mlangoni anavaa viatu ndo anasema kwa kucheka, "na huo mkebe nipeni bahashishi tu, nikupunguzieni takataka". Na mimi nikacheka. Usiku sasa usingizi hauji, nawaza mtu gani huyu anaebeba takataka za watu kwa furaha vile. Tokea siku hio anapiga simu kila asubuhi. Kaka yangu anasema tuuze tumalize. Nimpe?

Pweza_wa_Forodhani
Muuzieni mutulie. Vitu vya kizamani kazi yake kufuga mende. Laki sita si pesa ndogo na mwezi unakimbia

NshauzaSana
Dada usimpe, na mkebe ndo usimpe kabisa kabisa. Mie nimefanya kazi duka la antiki Hurumzi miaka kumi na moja kabla sijaja huku Bububu kufuga kuku, hayo unayoyasimulia nimeyafanya mwenyewe na Mungu anisamehe. Unachokisifu sicho unachokitaka, hio ndo alifu kwa ujiti ya kazi ile. Ukiingia nyumba ya watu unaitafuta kwanza kitu kimoja kikubwa chenye kung'aa unakisifu mpaka wenyewe waone haya, wanafurahi, wanakwambia bei yake kubwa unakubali nusu nusu, kumbe jicho liko pembeni kwenye kidude ambacho wao wenyewe wanakiona uchafu. Kile unakiomba mwisho, tena ukiwa umesimama, kama bahashishi. Umeona hapo?

Gramafoni yako nna wasiwasi nayo. Itizame, kama pembe ni ya shaba inayong'aa mno na msingi wake wa mbao umebandikwa kibati cha yule mbwa anaesikiliza santuri, alama ya kampuni ya HMV, basi nyingi za namna hio zinatengenezwa India mpya kabisa kwa ajili ya watalii na zinaletwa madukani kwa mafungu. Aloizunguka saa nzima anajua hivo kuliko weye.

Kasha sasa. Kasha la Kizanzibari jina tu, mengi ya zamani yalikuja na majahazi kutoka Bara Hindi, Surati na Bombay huko, na mengine Ghuba. Ila yanayochongwa leo hapa hapa mjini ni mengi mno na fundi akilipaka chai na rangi ya viatu hulijui. Toa droo moja nje kabisa uigeuze. Tizama pale mbao mbili zinapokutana pembeni, zile zilizoingiana meno: kama meno yote sawasawa kama yamepigwa mashine ni jipya, kama moja nene moja jembamba hio ni kazi ya mkono. Tizama misumari, vichwa vyake visiwe pacha. Tizama na skrubu za bawaba, ukiona skrubu ya nyota jua hio imewekwa baadae kwa sababu skrubu za nyota zimeanza miaka ya 1930, japo moja tu isikutishe, labda fundi katengeneza bawaba. Halafu ingiza mkono nyuma ya droo uguse mbao ya mgongoni, lile la zamani halijapigwa randa vizuri huko maana hakuna aliyetarajia mtu ataangalia. Na ndani ya kasha upande wa kushoto au kulia kuna kijisanduku kidogo chenye kifuniko? Kitoe ukiweza. Mara nyengine chini yake mna pahala pa siri, bibi zetu wakiweka dhahabu zao mule.

Na nakuomba kwa Mungu, usipake Brasso. Usisugue birika, usisugue misumari, sarafu ndo usiziguse hata kwa ndimu. Watu wengi wakisikia mnunuzi anakuja wanang'arisha usiku kucha, wanaamka asubuhi washajikata nusu ya bei. Ile weusi weusi ndo umri wake.

BintiMalindi
Subhanallah nshasugua birika 😭 nyengine sijagusa. Kasha nimetoa droo, meno hayalingani hata kidogo na mbao ya nyuma imekwaruza mkono. Skrubu zote za mkato mmoja. Kijisanduku kipo kushoto lakini hakitoki na naogopa kukivunja.

NshauzaSana
Kiache hapo hapo usilazimishe. Basi kasha lako si la laki tatu na nusu, hilo nakwambia bila ya kuliona. Na limeliwa wapi? Mwambie akuonyeshe tundu. Vumbi jipya la unga likitoka ndo kuna wadudu sasa hivi, likiwa kavu tundu tupu hio ni habari ya zamani imekwisha.

Reale_ya_Chake
Salaam kutoka Pemba. Mie nakusanya sarafu tokea niko skuli, babangu alikuwa na duka Chake Chake. Naomba nizungumzie mkebe maana hapo ndo penyewe.

Utakuta sarafu kubwa za fedha zina sura ya mwanamke mnene kajifunga mtandio, hizo ndo reale za Maria Theresa, wazee wakiita reale tu. Zote zimeandikwa 1780 na watu wanaingia wazimu wakiona mwaka huo wanadhani ni za miaka mia mbili na arubaini. Si hivo. Yeye kafa mwaka huo na baadae zikaendelea kupigwa na mwaka ule ule, Vienna, London, Bombay mpaka Roma, kwa sababu watu wa huku na Uarabuni na Uhabeshi walikuwa hawataki sarafu nyengine. Kwa hivo uzee wake usiutegemee, tegemea fedha yake: moja ina gramu 28 na ushei, na fedha safi ndani kama gramu 23. Tafuta bei ya fedha ya siku hio kwenye simu, piga hesabu, asikupunjie chini ya hapo hata akikwambia imechakaa. Hio ndo sakafu yako.

Utakuta pia za shaba ndogo zina picha ya mizani upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, hizo za Sultani Sayyid Barghash, mwaka 1299 wa Hijra ambao ni 1882, nyengine 1304. Hizo zipo nyingi, watu wamezijaza kwenye vikombe, usitegemee utajiri. LAKINI kama ipo ya fedha kubwa ukubwa wa reale na jina la Barghash, au ukapata senti za 1908 za Sayyid Ali bin Hamud zenye mnazi, weka pembeni, funga kwenye karatasi laini na usimwambie jirani. Senti zile zilipigwa za moja, kumi na ishirini, na kuziona mkononi mwa mtu ni bahati.

Na karatasi zote zifungue moja moja. Noti za rupia za Zanzibar zilizoanza 1908, zile zenye jahazi na watu wanachuma karafuu, ndo kitu ambacho wakusanyaji wa Ulaya wanakitafuta kwa tochi, maana rupia ilipobadilishwa kuwa shilingi mwaka 1936 watu walizirudisha benki wakapewa shilingi moja na nusu kwa rupia, nani aweke pesa nyumbani? Sisemi ipo, nasema tizama. Babangu alipata kuikuta moja imetumiwa kuwekea alama kwenye msahafu.

Bahasha pia. Stempu usizibandue!! Watu wanaloweka majini wabandue stempu wakijua ndo ustaarabu. Bahasha nzima yenye muhuri wa posta, tarehe na anwani ina thamani kuliko stempu tupu. Ukiona stempu za Sultani zimegongwa juu yake JAMHURI 1964, hizo ni za baada tu ya Mapinduzi, walikuwa na stempu za zamani stoo wakazigonga muhuri kwa mkono kwanza ndo baadae zikaja za kupigwa chapa. Muhuri wa mkono haukai sawa, mwengine umepinda mwengine umegeuka juu chini. Zipige picha unitumie faragha, sitaki kununua, nataka kuona tu roho yangu itulie.

Pweza_wa_Forodhani
Haya nimenyamaza 😂 mimi nilitupa mkebe kama huo 2009 tulipohama Kikwajuni

Shoga_wa_Mkunazini
Santuri nani kasema hazina mtu?? Dada tizama karatasi ya katikati, kama ina mbwa yule wa HMV na majina ya Kiswahili hizo usimpe mtu kwa jumla. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurikodi na kundi lake na santuri zile zilisambaa pwani nzima, zilizobaki nzima ni chache kwa sababu ni nzito na zinavunjika kama sahani. Zisimamishe wima kama vitabu usizirundike, na usisafishe kwa spiriti maana ile santuri ya zamani inayeyuka kwa spiriti, kitambaa chenye unyevu kidogo tu, na karatasi ya katikati isiguswe na maji. Huyo kasema hazina mtu labda kwa vile duka lake haliuzi santuri na hilo linawezekana pia, tusimtie dhambi bure. Duka la makasha si duka la santuri. Mtu wa santuri mtafute mwengine.

Karani_Mstaafu
Mwanangu BintiMalindi pole na msiba. Nimesoma yote haya na hakuna aliyeuliza la kwanza: vitu hivi vishagaiwa? Bibi kaacha warithi wangapi? Kama baba yako ana ndugu, kasha si lako wala la kaka yako, ni la warithi wote mpaka mirathi ifanywe, na mtu akiuza kabla kauza mali ya watu. Nimekaa kitengo kimoja cha mambo ya urithi miaka mingi nimeona ndugu wa tumbo moja hawazikani kwa sababu ya saa ya ukutani. Nendeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana mueleze, vitu vikathaminiwe vikaandikwa, halafu mkubaliane kuuza vyote mugawane pesa au kila mmoja achukue kwa fungu lake. Kwani mwezi mmoja hautoshi? Hamisheni vitu kwa jamaa, nyumba muiache, mali ibaki.

Jengine, hio fimbo. Mpini mweupe ni wa nini?

BintiMalindi
Baba nashukuru. Warithi ni baba, ami yangu yuko Maskati, na shangazi yuko Wete. Kusema kweli hatujawauliza, kaka alisema tutawapelekea pesa. Fimbo mie nilidhani ni plastiki.

Karani_Mstaafu
Plastiki ya wakati wa babu yako? Tizama pale mpini ulipokatwa, kwenye kichwa. Ukiona mistari myembamba imekatana kama wavu wa dema hio ni pembe ya ndovu. Ukiona vidoti vidoti vyeusi ni mfupa tu wa ng'ombe au ngamia. Ikiwa pembe, biashara yake baina ya nchi imefungwa na mkataba wa CITES, ule wa dunia wa viumbe vilivyo hatarini, tokea 1989, huko bara ukikamatwa nayo inaitwa nyara za serikali na watu wanakwenda jela. Ndo sababu mtu wako hakuitaja. Alijua. Kama mna kichana au kijaluba cha gamba la kasa ng'amba hukumu yake ndo hio hio. Usiuze, usimpe mgeni, kwanza ulize wanaohusika.

MtuWaShangani
Madalali wote wezi tu, tusizunguke. Kitu anakinunua laki anakiuza milioni kwa Mzungu.

NshauzaSana
@MtuWaShangani hapo unaonea. Ngoja nikwambie hesabu tulivyokuwa tukiifanya. Kitu tulichotarajia kukiuza milioni tulikinunua laki tatu, sana sana laki nne, na mteja akijua anaona kaibiwa. Lakini kile kitu kinakaa dukani mwaka, miwili, kodi ya mlango Mji Mkongwe weye unaijua, mfanyakazi anataka mshahara msimu hakuna wageni, fundi wa kutia gundi mguu wa kasha, na papasi, yule anaewatembeza wageni mitaani, akimleta mgeni anasimama mlangoni anasubiri fungu lake kabla mgeni hajafika Darajani. Mgeni nae anapatana mpaka unamuonea huruma. Kwa hivo theluthi ya bei ya dukani si wizi, wizi ni kumwambia bibi wa watu mkebe ni takataka. Hayo mawili usiyachanganye.

Ndo maana dada nakwambia usitafute bei ya dukani, hutaipata, utazunguka mpaka uchoke. Tafuta watatu waje siku mbalimbali, wasikutane, usimwambie wa pili alichosema wa kwanza. Na usitaje bei weye mwanzo. Muulize "ukiliweka dukani utaliandika shilingi ngapi?", akijibu unyamaze, kunyamaza kuna kazi yake. Na ukome kuwaambia munahama! Hapo ulijichinja mwenyewe, mtu akijua una mwezi anakuja siku ya ishirini na tisa. Mwambie ami yako Maskati analitaka kasha anafikiri kulisafirisha, na si uongo si ami yako yupo kweli?

Akitaka kuchagua mazuri akuachie mabovu, kataa, au mazuri yawe kwa bei ya mazuri. Akitaka vyote kwa fungu, kila kitu kiandikwe kwa jina na bei yake kwenye karatasi, mkebe nao uandikwe. Utaona uso unabadilika.

Shoga_wa_Mkunazini
Na mali kauli jee? Kuna wanaosema niachie niuze nikupe chako

NshauzaSana
Mali kauli ina faida kwa kitu cha bei, unapata zaidi kuliko kuuza papo hapo. Ila babu yangu mdogo alimpa mtu kiti cha enzi, vile vya kusukwa ugwe na nakshi za pembe, kwa mali kauli ya mdomo, mwaka ukapita, kwenda kuuliza duka limekuwa la kuuza laini za simu. Kiti hakuna, mtu hakuna. Kwa hivo iwe karatasi: picha, bei ya chini ambayo hashuki bila kukuuliza, yeye anachukua kiasi gani, mwisho wa muda lini, kikivunjika nani analipa. Sahihi mbili na shahidi.

Mzawa_wa_Kiponda
Nyongeza ndogo, akitokea mgeni mwenyewe anataka kusafirisha kitu cha kale kikweli, pitieni kwanza Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale muulize kibali, asije akakamatwa uwanja wa ndege mukasumbuana. Na asitokee mtu akakushawishini mung'oe mlango au vishubaka vya hio nyumba kwa kuwa munahama, Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia tokea 2000 na una mamlaka yake, halafu mlango wenyewe si wenu ni wa mwenye nyumba 😀

Sahani za ukutani zigeuzeni muangalie muhuri mgongoni. Zikiwa na Petrus Regout, Maastricht, hizo za Uholanzi, si elfu kumi moja, ila ziwe hazina ufa. Igonge kwa kucha: ikilia kama kengele nzima, ikitoa sauti ya kifuu ina ufa hata kama huuoni.

BintiMalindi
Jamani nimerudi, wiki mbili zimepita nilikuwa na mbio. Kwanza fimbo ina wavu wa dema, imefungwa kwenye kanga iko juu ya kabati haizungumzwi mpaka baba akaulize. Sahani sita zinalia tatu kifuu. Mkebe: reale kumi na nne, mizani mikono miwili imejaa, noti hakuna hata moja (nimepekua na msahafu @Reale_ya_Chake), bahasha nne zina JAMHURI ya kugongwa na moja imegongwa juu chini. Gramafoni ina kibati cha mbwa na inang'aa kama meno ya dhahabu, basi hio mpya, bibi sijui aliuziwa na nani.

Dalali alikuja tena. Nikamwambia mkebe na bahasha havimo tena kwenye mazungumzo, vyengine tunaweza kuzungumza. Akakaa kimya, akanywa maji. Gramafoni akasema "iacheni kwanza". Saa akasema iacheni. Kasha kalipandisha mwenyewe bila ya mie kusema neno, milioni moja na laki mbili, nikamwambia ami anafikiri kulisafirisha.

Wa pili kaja juzi kasema milioni na nusu na akapiga picha ya meno ya droo. Wa tatu alikuwa aje leo, lakini shangazi kashuka na boti ya asubuhi kutoka Pemba, kaingia ndani, kamsalimia baba, kalifungua kasha, kakibonyeza kile kijisanduku cha kushoto kwa kidole gumba kikatoka chenyewe kama kinamjua. Chini yake mna kipande cha karatasi kina jina lake kwa mwandiko wa Kiarabu wa bibi, na pete mbili. Anasema aliahidiwa siku ya harusi yake, baba anasema hakusikia, na ami kwenye simu anasema kasikia lakini zamani sana. Kikao Ijumaa baada ya sala. Kasha liko chumbani, funguo kavaa shangazi shingoni.